Ati mpira wa vikapu wa vyuoni umeshuka?

Mpenzi msomaji, kama umewahi kuketi barazani Bondeni baada ya swala ya isha, kikombe cha kahawa tungu mkononi na kipande cha halua mbele yako, basi wajua kwamba hakuna kitu cha leo kinachokishinda cha jana. Samaki wa zamani walikuwa wanono zaidi. Taarab ya zamani ilikuwa na maneno. Hata mvua ya zamani, ukiwasikiza wazee wetu, ilinyesha kwa adabu. Na tangu binti wa dada yangu apate barua ambayo nitakueleza habari zake, orodha imeongezwa jambo jingine: ati mpira wa vikapu wa vyuoni umeshuka, hauna ladha tena, na msichana kuufuata huo hadi Nairobi ni kupoteza wakati.

Msemaji mkuu wa hoja hiyo ni ami yangu. Si mtu wa kupuuzwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alivaa jezi ya chuo kule Tudor, wakati huo kikiitwa Mombasa Polytechnic. Chuo hicho, kwa wasiokijua, kilianza kama taasisi ya elimu ya ufundi kwa Waislamu wa Afrika Mashariki, na wanafunzi wake wa kwanza waliingia 1951. Mwaka 1966 kikageuzwa jina, kikageuzwa tena 1972, kikawa chuo kikuu kishiriki 2007, na tangu 2013 ndicho Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Majina yamebadilika, lakini kwa ami yangu kuna timu moja tu, nayo ni ile aliyoichezea yeye.

Miezi michache iliyopita nilimchukua tukaenda kutazama mechi ya vyuo. Tulitoka nyumbani kwa miguu hadi Barabara ya Abdel Nasser, ambako kwa miaka mingi mabasi ya Malindi na Lamu yamekuwa yakingoja abiria, tukapanda matatu. Robo ya kwanza haikuwa imekwisha alipoanza kutikisa kichwa.

"Hawa hawatezi mpira," akaniambia. "Hawa watupa mawe."

Alikuwa na maana kwamba kila kijana aliyepata mpira, awe mrefu au mfupi, alisimama mbali na kikapu na kuurusha. Mingine iliingia, mingi iligonga chuma na kurudi. Zama zake, alisema, mpira ulipitia mikono mitano kabla ya kufika kwa mtu mrefu chini ya ubao, naye akageuka, akamhadaa mlinzi kwa bega na kuuweka kikapuni kama mtu anayeweka yai kwenye bakuli.

Nakubali kwamba picha hiyo inapendeza. Lakini hebu, msomaji, tuichunguze kabla ya kuhukumu, maana wengi wanaosema mchezo umeshuka hawasemi kwamba mchezo wenyewe si ule ule.

Ami yangu alipocheza hapakuwa na mstari wa pointi tatu. Shirikisho la kimataifa, FIBA, liliuingiza katika sheria zake 1984, ukiwa umbali wa mita 6.25 kutoka kikapuni, na 2010 likausogeza nyuma hadi mita 6.75. Kabla ya hapo, aliyerusha kutoka mbali alipata pointi mbili, sawa na aliyejisumbua hadi chini ya ubao. Ni nani mwenye akili timamu angerusha kutoka mbali? Vijana wa leo hawakuwa wavivu walipohama kutoka chini ya kikapu. Walifanya hesabu tu.

Kisha kuna saa. Hadi mwaka 2000 timu ilipewa sekunde 30 za kushambulia. Mwaka huo zikapunguzwa hadi 24, na zile nusu mbili za dakika 20 zikagawanywa kuwa robo nne za dakika 10. Sekunde sita waweza kuziona kidogo. Lakini chukua kalamu. Mechi ina dakika 40, yaani sekunde 2,400. Timu mbili zikitumia sekunde 30 zote kila zinaposhambulia, yatapatikana mashambulizi 80. Zikitumia 24, yatapatikana 100. Hayo ni mashambulizi 20 zaidi, na baada ya kila moja wachezaji wote kumi wanakimbia kwenda upande wa pili wa uwanja. Zile pasi tano anazozililia ami yangu zilihitaji muda, na muda huo umeondolewa na sheria. Kijana wa mwaka 1978 akirudishwa leo akiwa na miaka yake ishirini, nina hakika ya mkono wake na macho yake, lakini mapafu yake yangemsaliti kabla ya mapumziko.

Kwa hivyo, kwa mbio, kwa nguvu na kwa urushaji wa mbali, mchezo wa vyuo wa leo umepanda. Hilo silirudi nyuma.

Hata hivyo kuna mahali ambapo mzee wangu ana haki, nami nimelifikiria jambo hili kuliko alivyolifikiria yeye. Alipozungumza juu ya pasi alikuwa anazungumza juu ya vijana waliojuana. Chini ya mfumo wa zamani mwanafunzi alikaa shule ya upili hadi kidato cha sita. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza 1985, kidato cha tano na cha sita vilihesabiwa siku. Mtihani wa mwisho wa kidato cha sita ulifanywa 1989. Maana yake ni kwamba mchezaji wa zamani aliingia chuoni akiwa mtu mzima wa miaka ishirini au zaidi, aliyecheza miaka sita na wenzake wale wale, tena mara nyingi chini ya mwalimu mmoja. Wa baada ya hapo aliingia akiwa mtoto wa miaka kumi na minane aliyecheza miaka minne, mmoja kati ya hiyo akiutumia kujiandaa kwa mtihani huku mwalimu mkuu akiwa ameufungia mpira kabatini.

Ongeza hapo ile migomo na kufungwa kwa vyuo vikuu katika miaka ya 1980 na 1990. Timu inayorudishwa nyumbani katikati ya muhula haijifunzi kupasiana. Kisha ikaja neema ya vyuo, nayo ikaja na kasoro yake. Wakati ami yangu anacheza, nchi nzima ilikuwa na chuo kikuu kimoja, cha Nairobi. Moi kilianzishwa 1984, Kenyatta kikawa chuo kamili 1985. Leo vyuo vikuu ni makumi, na katika mji wetu huu nimeona kampasi zilizofunguliwa ghorofani, juu ya maduka, zina lifti na kompyuta lakini hazina hata mahali pa kudundia mpira. Wanafunzi wa namna hiyo hukutana mara moja kwa wiki katika uwanja wa kuazima, wakicheza na saa ya mwenye uwanja ikiwatazama. Huwezi kuwalinganisha na watu waliolala bweni moja na kuamka alfajiri kukimbia pamoja.

Na viwanja vyenyewe! Nairobi wanaozungumzia mpira wa vikapu wa Pwani hawajui habari ya upepo. Ukiiacha kumbi ya KPA pale Makande, iliyo na paa na sakafu ya maana, vijana wengi wa kisiwa hiki wamejifunza mchezo juu ya saruji, chini ya jua, na pepo za msimu zikiamua mpira uende wapi. Kusi likivuma, mpira wa pointi tatu ulioutupa kwa ustadi wote huishia mikononi mwa adui. Ndiyo sababu mchezaji wa Mombasa wa zamani alisifika kwa kupenya hadi ndani. Hakuwa amesoma kitabu cha ukocha. Alikuwa amefundishwa na upepo. Mtoto wa siku hizi hutazama video za Stephen Curry kwenye simu, akatoka nje kumwiga, na Curry hakucheza katika kusi.

Jambo la tatu ndilo linalowachanganya wengi. Ami yangu huniuliza wako wapi leo wale miamba waliokuwa wakijaza viwanja vya vyuo. Jibu ni kwamba wapo, ila hawakai. Zama zake mchezaji hodari wa chuo alimaliza masomo, akaajiriwa, akaichezea timu ya shirika lake; hapa kwetu ndoto ya wengi ilikuwa KPA, maana jezi ya bandari ilibeba tumaini la kazi. Leo mlango ni mpana zaidi. Mchukue Tylor Ongwae. Aliwahi kuchezea chuo cha ushirika kule Nairobi, kisha akaenda Marekani na hatimaye akachezea Chuo Kikuu cha Louisiana kule Monroe. Februari 2021, mjini Yaoundé, ndiye aliyefunga kikapu cha mwisho kabisa Kenya ilipoilaza Angola 74-73. Angola, msomaji, ambao walikuwa wameshatwaa ubingwa wa Afrika mara kumi na moja! Kwa ushindi huo Kenya ilirudi katika fainali za Afrika kwa mara ya kwanza tangu 1993, tulipokuwa wenyeji Nairobi na kumaliza wa nne.

Mchukue pia Madina Okot, binti wa futi sita na inchi sita, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Zetech. Mwaka 2024 alivuka kwenda Mississippi State, na 2025 akahamia South Carolina, kwa kocha Dawn Staley, ambaye timu zake zilikuwa zimeshatwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani 2017, 2022 na 2024. Ukienda uwanjani hapa kwetu kumtafuta, humwoni, ukasema mpira wa wasichana wa vyuo umeshuka. Haujashuka. Umesafiri.

Wamarekani wenyewe, kwa taarifa yako, wana kilio hicho hicho. Michael Jordan alikaa chuoni miaka mitatu kabla ya kwenda kulipwa. Hakeem Olajuwon wa Nigeria alikaa Houston hadi akafika fainali mbili mfululizo, 1983 na 1984. Lakini tangu 2006, walipoamua kwamba mchezaji lazima awe na miaka 19 ndipo aruhusiwe kuingia ligi ya kulipwa, hodari wengi wamekuwa wakikaa chuoni mwaka mmoja tu, kama wageni wa harusi. Na tangu 2021 wanafunzi wameruhusiwa kujipatia fedha kwa majina na picha zao. Wazee wa kule nao huketi kwenye baraza zao wakisema hakuna mpira tena. Sijui kama kahawa yao ina tangawizi.

Sasa nifike ninapotaka kufika. Katika maelezo yote ya ami yangu kuhusu enzi ile ya dhahabu, kuna watu ambao hawatajwi kamwe, nao ni wasichana wa mtaa wake mwenyewe.

Mimi nilizaliwa Bondeni na nikaupenda mpira huu tangu shule ya upili. Niliposomea diploma yangu ya uandishi wa habari, mwaka 2010, nilikuwa katika timu ya chuo. Nilicheza na mtandio umefungwa nyuma ya shingo, mikono mirefu na suruali ndefu chini ya kaptura. Katika mechi za kirafiki marefa walitazama pembeni. Lakini tulipokwenda katika mashindano fulani, ambayo sina haja ya kuyataja, refa alituita sisi watatu kando na kutuambia kwa upole kabisa kwamba sheria ni sheria: kichwani paruhusiwa ukanda usiozidi sentimita tano, basi. Tuchague kati ya mtandio na mchezo. Tukaketi. Timu yetu ikacheza na watu watano bila wa akiba, na katika robo ya mwisho, wenzetu wakiwa wamechoka hoi, tukafungwa vibaya. Mtu aliyekuwa jukwaani siku ile bila shaka alirudi nyumbani akisema wasichana wa vyuo hawajui mpira.

Refa yule hakuitunga sheria. Ilikuwa ya FIBA, na ilikuwapo duniani kote. Mwaka 2014, kule Incheon, Korea Kusini, timu ya wanawake ya Qatar ilijiondoa katika Michezo ya Asia badala ya kuvua hijabu. Nchini Marekani alikuwako Bilqis Abdul-Qaadir, aliyefunga pointi 3,070 katika shule ya upili, rekodi ya jimbo la Massachusetts, kisha akacheza vyuo vikuu vya Memphis na Indiana State akiwa na hijabu yake, maana sheria za vyuo vya kule zilimruhusu. Alipotaka kucheza kulipwa Ulaya, mlango ukafungwa. Yeye na wengine walipiga kelele miaka kadhaa. Mwezi wa Mei 2017 FIBA ikakubali, na kuanzia Oktoba 1 mwaka huo kilemba kikawa halali.

Nilikuwa nimeshamaliza chuo zamani. Lakini siku ile na ami yangu, baada ya mechi ya wavulana, ilifuata ya wasichana, naye akataka tuondoke. Nikamwomba tukae kidogo. Waliingia uwanjani, wengine wamesuka rasta, wawili wamevaa hijabu nyeusi zilizobana, na mmoja wa hao wawili ndiye aliyekuwa akiongoza mchezo. Alidunda mpira kwa mkono wa kushoto kama wa kulia, akampita mlinzi na kuutoa kwa mwenzake bila kumtazama. Hazikuwa pasi tano, lakini zilikuwa tatu safi. Ami yangu hakusema kitu. Ila hakusimama tena kutaka kwenda, na matatu ya kurudi tuliipanda magharibi imeshaadhiniwa.

Nawauliza wanaopima kiwango: mnapima nini? Timu ya chuo huchaguliwa kutoka kwa wale wanaoruhusiwa kujaribu. Ikiwa nusu ya mtaa iko nje ya uzio, hata ile timu inayosifiwa ilikuwa bora kati ya nusu tu.

Na hiyo barua je? Binti wa dada yangu, aliyemaliza kidato cha nne na alama nzuri, ameitwa na chuo kikuu kimoja cha Nairobi. Kiko tayari kumpunguzia karo ikiwa ataichezea timu yao. Dada yangu, ambaye ni mjane na anaishi kwa cherehani yake, aliisoma barua mara tatu, akaiweka chini ya kitambaa cha meza, na kwa wiki mbili hakuna aliyeruhusiwa kuitaja. Usidhani ni ujinga wa Pwani. Mama mwenye binti mmoja ana haki ya kuogopa Nairobi, na anayemcheka hajazaa.

Nilichofanya ni kumkalisha msichana na kuandika naye maswali ya kukiuliza chuo kabla ya kutia sahihi, nami nakupa wewe pia, mzazi unayesoma, maana barua za namna hii zitazidi kuja. Karo inapunguzwa kiasi gani, na bweni na chakula vimo? Alama za darasani zikishuka, msaada unakatwa papo hapo au anapewa muhula wa kujirekebisha? Na kubwa kuliko yote: akivunjika goti akiichezea timu yao, nani analipa hospitali, na karo itaendelea kupunguzwa? Chuo kilijibu mawili ya kwanza kwa barua. La goti kilijibu kwa simu, maneno mengi yasiyoshikika. Tumeomba jibu hilo pia liandikwe, na bado twalingoja. Mimi ningependa aende. Lakini bila jibu la goti, singetia sahihi.

Ami yangu, kwa kuwa ndiye mkubwa wa familia, alihojiwa rasmi siku ya Ijumaa baada ya chakula. Tulimtarajia arudie hotuba ya kupoteza wakati. Badala yake alimuuliza msichana kama aweza kutupia mkono wa kushoto. Akaambiwa ndiyo. "Basi wende," akasema, kisha akaomba maji ya kunawa.

Dada yangu hakusema ndiyo wala la. Jioni yake alinijia na miwani yake puani, akataka nimsomee ile sheria ya kilemba kama ilivyoandikwa. Nikamsomea: kiwe cheusi, cheupe au rangi iliyo kuu katika jezi, wote wanaokivaa katika timu wavae rangi moja, kisifunike uso, kisiwe na kitu cha kufungulia au kufungia usoni wala shingoni, kisiwe na sehemu inayochomoza. Alisikiza kama anavyomsikiza mteja wa nguo ya harusi, akipima hewani kwa vidole.

"Yaani hapana pini," akasema.

"Hapana pini, dada."

Akaenda kulifungua kasha lake la vitambaa kutafuta kinachovutika.